Ufito wa Signe

Jumanne, 12 Novemba

Misumari tisa. Leo nimeihesabu mmoja mmoja, mwanangu mdogo Emmett begani, makamasi yake yakinitiririkia shingoni.

Kibanda cha baba mkwe cha kuvulia samaki juu ya barafu bado kiko uani kwake, nyuma ya gereji, kinasubiri ziwa ligande. Mume wangu Wade na kaka yake Kurt walikuwa wanabadilisha bomba la hita. Mimi nilipeleka kahawa tu. Nikaingia, nikatazama ukuta. Misumari tisa, kila mmoja na ufito wake wa kuvulia barafuni, na juu ya kila ufito kibao chenye jina lililochomwa kwa chuma cha moto. Orrin, baba mkwe mwenyewe. Wanawe watatu. Wajukuu watano, wote wavulana. Mjukuu akitimiza miaka mitano, babu humtengenezea ufito, humpigia msumari, na tangu siku hiyo ana kiti ndani ya kibanda.

Binti yangu Signe anatimiza mitano tarehe 19 Desemba.

Nikamuuliza. Sikuzunguka. Baba, ufito wa Signe unaanza lini kuutengeneza? Hakuacha kukaza skrubu. Akasema ukuta umejaa, binti. Nikamwambia naona nafasi pale kando ya dirisha. Akasema pale ni pa taa. Kurt akachekea puani. Kisha Orrin akaongeza, kwa upole kabisa — na ule upole ndio unaouma — kwamba wasichana hushikwa na baridi upesi, Signe atabaki nyumbani na bibi yake, ana mikono mizuri ya biskuti.

Signe alikuwa nje anamlisha mbwa theluji. Hakusikia. Afadhali.

Garini Wade akasema mzee ndivyo alivyo, usianzishe mambo. Nikamwambia sijaanzisha kitu.

Bado.


Alhamisi, 14 Novemba

Nimechoka hadi kope. Asubuhi jikoni shuleni, sinia mia mbili za viazi vya kuponda. Emmett anaota jino la nne na anataka dunia nzima ijue.

Signe kaingia kwenye beseni la kuogea na mwiko, kaufunga kamba ya kiatu. Anavua. Kapata sabuni, kapata soksi. Kila akipata kitu anasema "huyu mdogo, rudi kwa mama yako," kama babu yake. Halafu akaniambia, bila hata kugeuka: babu atanipigia msumari karibu na dirisha, ili nione nje.

Nikamsugua mgongo.

Kununua ninaweza, madukani zimejaa. Ila kwenye ukuta ule hakuna hata mmoja wa dukani. Orrin huketi wiki nzima na nyuzi zake na gundi yake, halafu anasema, huu nimeutengeneza kwa mkono wako wewe, si kwa mkono wa mwingine. Wade anasimulia hadi leo, na macho yanamlainika. Nikimletea Signe wa dukani watasema sawa, huo ni wa dukani, uweke garini.

Basi nautengeneza mimi. Sijui hata unaanzia wapi. Nautengeneza mimi.


Jumamosi, 16 Novemba

Duka la chambo la Rhonda Bebeau. Linanuka samaki wadogo hai na kahawa iliyolala. Nyuma ya kaunta ana meza yake, na ukutani vibiringo vya uzi wa kila rangi. Huyo mama ndiye anayewatengenezea fito nusu ya wavuvi wa ziwa hili, na hao wote huenda kusema wamejitengenezea wenyewe.

Nikamwambia nataka kuanza. Akauliza, kwa ajili ya nani? Binti yangu. Akauliza, wa akina Skaar, ukoo wa mume wako? Ndiyo. Akanitazama juu ya miwani. Akasema mimi huwapelekea chambo mpaka kibandani kila mwaka, ule ukuta naujua. Halafu akaniuliza kama nimewahi kumsuka nywele mtoto anayekimbia. Kila asubuhi, nikasema. Akasema basi uzi hautakushinda.

Akanipa mwili wa ufito, mtupu, inchi ishirini na nne, fibaglasi. Ncha yake laini kama sharubu za paka — samaki akigusa tu chambo, ncha inasema. Vipande vya mpini, vile vyepesi kama vizibo vya mvinyo. Uzi nimechagua wa buluu. Chupa mbili za gundi, ya kwanza na ya pili, zichanganywe sawa kwa sawa. Akarudia: sawa kwa sawa, si kwa macho.

Kwenye pete za kupitishia mshipi tukapishana. Yeye ananipa kubwa, za kijivu, mbaya kama pua ya bomba. Mimi nimeshaona ndogo za rangi ya dhahabu. Akasema hizo ni za kiangazi. Nikasema ni ufito wa mtoto wa kike na nataka upendeze. Akainua mabega, akazifunga.

Aliponifungulia mlango akasema: we mama, ukikwama usimwombe msaada mtu yeyote wa ukoo ule. Njoo hapa.


Jumatano, 20 Novemba

Kumbe ufito una mgongo. Sikujua. Unausimamisha mezani, unaukandamiza nchani kwa kiganja, unauzungusha polepole, na mahali fulani unaruka wenyewe — unakataa upande mmoja na kukubali mwingine. Ukipanga pete bila kuutafuta mgongo, samaki akivuta ufito unakusokota mkononi.

Nimeurudia mara kumi kuhakikisha. Mara kumi unaruka palepale. Una msimamo. Nimeupenda.

Kisha uzi. Dakika arobaini na tano, ndio urefu wa usingizi wa Emmett. Kitabu kizito cha mapishi kimekalia uzi ili ukazike, mimi nazungusha ufito, mzunguko kando ya mzunguko, pasiwe na mwanya. Pete ya kwanza nimeifumua mara tatu. Ya pili mara mbili. Ya tatu nikaipata, nikakaa kuitazama kama mjinga. Milimita tisa za uzi wa buluu, zimelala vizuri kuliko kitu chochote ndani ya nyumba hii.

Emmett akaamka. Nikaosha chupa yake ya maziwa.

Wade amerudi kazini kaona vijiuzi vya buluu juu ya meza. Kaniuliza nashona nini. Nikasema kitu cha Signe. Si uongo.


Ijumaa, 22 Novemba

Gundi leo. Pete zote sita zimekaa, uzi umekaza. Emmett kalala mapema kuliko kawaida na nikaona bahati hii nisiiachie. Kifuniko cha chupa ya kwanza, kifuniko cha chupa ya pili, nikakoroga, nikapaka kwa brashi. Ikang'aa kama kioo. Nikauweka juu ya maboksi mawili, nikawa nauzungusha robo kila nikipita, maana gundi ikiachwa hutiririkia upande mmoja na kufanya tumbo.

Nikapita na nguo za kufua. Nikapita na takataka. Nikapita na Signe anayetaka mkate usio na ganda. Robo, robo, robo.

Nimeridhika. Niseme tu, nimeridhika.


Jumapili, 24 Novemba

Inanata.

Siku mbili na bado inanata. Nimeugusa asubuhi, kidole kikatoka na alama yake, na katikati ya pete ya tatu kuna manyoya ya mbwa na uzi wa soksi ya Emmett, vimezama kama nzi kwenye asali.

Sikupima. Vifuniko vile viwili si sawa, nimeviangalia leo kwenye mwanga. Kimoja kina kina zaidi. Niliambiwa mara mbili, tena na mtu anayejua.

Nimelia, ndiyo. Nimekaa kwenye ngazi ya kushukia chini nikalia kwa sababu ya gundi. Signe kaja kukaa karibu, akauliza kama ni tumbo. Nikasema nimekosea kitu. Akasema basi kitoe ukiweke tena. Akaondoka zake.

Nimekikwangua chote. Kisu kidogo, maji ya moto, na spiriti ya kusafishia. Uzi wote, pete zote. Vidole vinawaka. Sasa ni ufito mtupu tena, uko mezani unanitazama.

Haya. Tutazamane.


Ijumaa, 29 Novemba

Jana Sikukuu ya Shukrani kwa wakwe. Watu kumi na sita, bata mzinga wawili, mikate ya viazi ya Ardis — mama mkwe — imepangwa kama taulo safi. Tulifika, tukala, Emmett akamtapikia Kurt. Hiyo ilikuwa sehemu nzuri.

Wakati wa keki ya maboga, Signe kashuka kitini, kaenda hadi kwa babu yake, kaweka mkono kwenye goti lake. Babu, msumari wangu unaupiga kabla ya siku yangu au baada?

Orrin akampangusa krimu mdomoni kwa kidole gumba. Akasema tutaona, mpenzi. Tutaona! Kwa lugha ya nyumba ile hiyo ni hapana iliyovaa kofia.

Kurt akanionyesha kwa kidole, akasema Janelle anataka tuvae sketi kule barafuni. Watu wakacheka. Nikamwambia wewe Kurt vaa chochote, mwaka jana uliangusha buti lako kwenye shimo lako mwenyewe. Wakacheka zaidi, na hapo Orrin naye akatabasamu, halafu akajirudi. Akasema si suala la kumpenda au kutompenda mtoto. Kibanda kina utaratibu wake. Babake alikuwa nao, na babu yake.

Wade alikuwa anatazama uma wake.

Njiani sikusema naye. Daraja, mataa, kituo cha mafuta. Kwenye njia yetu akazima gari na kusema, nilikuwa na miaka mitano, alinishika mkono, ndiyo siku pekee ninayokumbuka alinishika mkono. Nikamwambia, basi unajua unachomnyima. Akakaa na funguo mkononi.

Sikumhurumia. Leo asubuhi kidogo. Jana hapana.


Jumanne, 3 Desemba

Nimekaza upya pete zote. Uzi umekuwa mzuri kuliko mara ya kwanza, mikono sasa inajua njia. Kabla ya kupaka gundi nikasema nijaribu jambo moja. Nikapitisha mshipi kwenye pete, nikauchovya ufito kwenye maji, nikautia ndani ya friza kati ya nyama ya paa na mifuko ya mahindi. Dakika ishirini. Nijue utafanyaje kwenye baridi.

Hapo ndipo Ardis akaja kuchukua nyama ya kusaga ya paa tuliyomwahidi. Nilikuwa ghorofani namvua Emmett nepi. Nikasikia mfuniko wa friza ukiinuliwa. Halafu sauti yake kutoka chini, taratibu kabisa: "Janelle, hiki nacho kinachemshwa dakika ngapi?"

Nikashuka na mtoto nusu uchi. Kasimama, ufito mkononi, umevaa barafu. Nikamwambia ni wa Signe. Akauvuta mshipi. Hauendi. Pete zangu za dhahabu zimeziba kabisa, kila moja ina kijiwe cha barafu ndani. Akasema, hizi ndogo mno. Akasema Orrin hutumia kubwa, na hata hizo huzinyonya kwa mdomo zikiziba.

Nikamuuliza amejuaje, maana hajawahi kwenda. Akasema miaka arobaini na moja, kila mwezi wa Aprili wanakivuta kibanda kutoka ziwani, wanakiacha uani, na mimi nakisugua ndani. Damu ya samaki, kahawa, tumbaku. Misumari naipangusa mmoja mmoja na kuivika fito zake tena. Kikiwa kwenye barafu sijawahi kukiona.

Akanirudishia. Akachukua nyama yake. Mlangoni akasema hatamwambia mtu. Akavaa glavu moja, akasimama. Akasema, ya nchani pia ibadilishe.

Nimekaa kwenye friza. Yaani juu yake, imefungwa. Rhonda alisema. Ardis kasema. Nilitaka upendeze. Sasa nataka uvue.


Ijumaa, 6 Desemba

Rhonda hakunicheka. Alitoa pete kubwa kutoka chini ya kaunta, zimefungwa tayari, jina langu juu ya bahasha. Alikuwa ameziweka tangu siku ile ile.

Nikamwambia na gundi pia niliharibu. Akasema kila mtu huharibu ya kwanza, ila wanaume huwaambia watu ni joto la chumba. Akaniuliza nina bomba la sindano la kunyweshea mtoto dawa? Yamejaa droo, nikasema. Akasema moja kwa chupa ya kwanza, lingine kwa chupa ya pili, usiyachanganye, na usimnyweshee mtu tena.

Nimeweka alama ya wino mwekundu. Emmett ataendelea na haya mengine.


Jumatano, 11 Desemba

Mililita tatu. Mililita tatu. Pete kubwa nimezikaza zote sita, gundi nimeikoroga nikihesabu hadi mia moja na ishirini, nikapasha moto chumba cha chini mpaka mbwa akahamia ngazini.

Nimepaka. Na hapo Emmett akaamka kwa njaa, hawezi kungoja, na gundi haiwezi kungoja. Basi. Nikavuta kiti hadi mezani. Emmett ziwa la kushoto, mkono wa kulia unazungusha ufito. Kwa saa mbili na nusu nzima. Akanyonya, akasinzia, akanyonya, na mimi robo, robo, robo. Mkono ulikufa. Nikaimba kitu, sijui nini. Signe akaja kunishikia biskuti niume.

Akauliza, mama, huo wa nani? Uzi wa buluu umelala chini ya gundi kama ziwa chini ya barafu mpya, hauwezi kudanganya mtoto. Nikamwambia nitakuambia tarehe 19.

Akatazama. Akatazama tena. Kisha akaondoka na kufunga mlango polepole sana, kwa namna ambayo Signe hajawahi kufunga mlango.


Ijumaa, 13 Desemba

Mgumu. Safi. Hauna tumbo, hauna unywele. Nimegonga kwa ukucha — tik.

Mpini niliusugua kwa msasa mpaka ukaingia kwenye ngumi yake. Nilipima alipokuwa amelala, nikamkunja vidole kuzunguka. Mfupi kwa inchi moja kuliko wanavyosema kwenye video za mtandaoni. Mkono wake, si mkono wa mwingine.

Jina sikulichoma. Nimeliandika kwa kalamu nyeupe karibu na mpini, kisha tone la gundi juu yake. SIGNE. Herufi ya N imepinda. Imebaki.


Alhamisi, 19 Desemba

Mitano.

Wakwe walikuja saa kumi na moja. Keki, mishumaa, Emmett na pua yake. Orrin kaleta zawadi mwenyewe, kaifunga kwenye gazeti. Signe akaichana. Ni kijiti cha kusukumia mikate ya viazi, kile chenye mifereji, kidogo, saizi yake. Orrin amekichonga kwa mkono. Mti wa mepo, laini kama shavu. Jina lake limechomwa upande mmoja. Kizuri, Mungu anajua. Mtu hatengenezi kitu kama kile bila upendo.

Signe akakigeuza. Akatafuta. Akauliza, kwa adabu kabisa: babu, mshipi unapita wapi?

Ardis akainuka kwenda kuangalia kahawa ambayo haikuwepo jikoni.

Orrin akamweleza ni cha kupikia na bibi. Signe akasema asante. Akakiweka kwenye meza kwa mikono miwili. Hakulia. Ningependelea alie.

Nilikuwa nimepanga kungoja waondoke. Sikungoja. Nikaenda chini nikautoa, nikamwekea mapajani, haujafungwa kwa kitu. Alipitisha kidole kwenye uzi, pete hadi pete, sita. Akaona jina. Akasema, N yangu inaanguka. Nikasema ndiyo. Akasema, naipenda hivyo.

Sikumtazama Orrin nikimpa. Nilimtazama baada. Alikuwa anaangalia ufito, si mimi, na mdomo umekaza. Akauliza nani ametengeneza. Nikasema mimi. Akasema fibaglasi? Nikasema ndiyo. Akasema hm.

Wakavaa makoti. Mlangoni ndipo akasema, bila hasira: Janelle, ufito ni wake. Kibanda ni changu.

Nikamwambia sawa, Baba. Ziwa si lako.

Wade alisikia. Walipoondoka kashuka chini, akapekua makopo yake, akarudi na gurudumu la kukunjia mshipi, lile lake la utotoni, amelifuta mafuta. Akalifunga kwenye ufito wa Signe. Nikamkatia keki kubwa.


Jumapili, 29 Desemba

Barafu imefika inchi kumi na tatu, Rhonda kaipima kwa mtaimbo wake. Jana akina Skaar walivuta kibanda hadi ghubani. Wade alikwenda nao. Karudi akasema wanaanza Jumamosi.

Nikamwambia na sisi tunaanza Jumamosi. Akauliza wapi. Nikasema hatua ishirini kutoka mlangoni kwao. Akasema Janelle, kule nje upepo. Nikamwambia Signe ana suruali mbili za theluji na mama mmoja.

Akasema mzee ataona aibu. Nikasema aone. Aibu haijawahi kuua mtu kule.

Akajikuna shingo. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayetafuta funguo zake: keekee ya kutobolea barafu iko nyuma ya matairi, tia mafuta kwanza.


Jumamosi, 4 Januari

Naandika garini, Emmett ananyonya, mstari unapanda na kushuka. Pikapu iko juu ya ziwa. Vioo wazi robo, mikanda imefunguliwa, kama inavyotakiwa, ili barafu ikipasuka tutoke upesi. Nyuzi sita chini ya sifuri. Ardis yuko upande wa abiria. Sikumwomba. Saa moja asubuhi alikuwa amesimama uani kwetu na bakuli la nyama na viazi limefunikwa taulo, akasema leo nitalipeleka mwenyewe.

Tulipoacha ufuko alishika dashibodi. Barafu ikalia chini yetu, ule mlio mrefu. Akasema, kumbe inaongea. Miaka arobaini na moja!

Wade aliondoka alfajiri na babake. Yuko kibandani. Moshi unatoka kwenye bomba jipya.

Nilitoboa shimo mwenyewe. Keekee ilinitikisa meno. Hatua ishirini na mbili, nimepima. Nikageuza ndoo, nikaweka zulia juu, nikamkalisha Signe. Mlango wa kibanda ukafunguka, Kurt akachungulia, akauliza kama tunauza biskuti. Signe akamwambia nyamaza, unawafukuza. Mlango ukafungwa.

Robo saa, hakuna kitu. Pete ya nchani ikaziba. Nikamwonyesha kunyonya. Akanyonya, akatema barafu, akaendelea kama mtu aliyefanya hivyo maisha yake yote. Mashavu mekundu. Nikamuuliza kama anasikia baridi. Akasema wewe ndiye una baridi, mama, nenda garini kwa Emmett. Kweli Emmett alikuwa analia. Nikamwomba Ardis amsimamie, Ardis akasema anaweza kumwona kutoka hapa garini. Tunamwona. Yuko hatua nane tu.

—

Mlango wa kibanda tena. Wade. Ana ndoo yake, na ufito wake mkononi. Ameutoa msumarini. Anakuja, anaweka ndoo karibu na ya Signe, anakaa, anatazama shimo. Magoti yake yanafika kidevuni.

Ardis anasema, Orrin atatoka sasa.

Ametoka. Bila kofia. Kurt yuko mlangoni nyuma yake na kikombe. Orrin anawatazama wale wawili na mimi naona mvuke wa pumzi yake tu. Anasema kitu kwa Wade. Wade anatikisa kichwa, hapana. Anasema tena. Wade anaonyesha Signe kwa kidevu: muulize mwenyewe.

Orrin amepiga goti. Polepole, goti lake bovu. Ananyoosha mkono. Signe anamtazama, anatazama ufito, anampa. Sijui kwa nini amempa. Yeye ana imani na watu.

Anaugeuza kwenye mwanga. Anauleta karibu na jicho. Anakandamiza ncha kwa kidole, anauzungusha — anatafuta mgongo. Ameupata, najua, nimeona ulivyoruka. Upo pale unapotakiwa kuwepo. Upo. Anapitisha ukucha kwenye uzi. Anafika kwenye N.

Amesimama. Ameshika ufito. Anarudi kibandani nao.

Amevuta na mshipi wote kutoka shimoni, ndoana inaburuzwa juu ya theluji. Signe amenyanyuka kwenye ndoo. Anamfuata. Hakimbii, anatembea na suruali zake mbili kama pipa dogo. Orrin ameingia. Kurt amempisha Signe, na Signe amesimama kizingitini, buti juu ya barafu, hajaingia. Anasema kitu ndani kule. Naijua midomo yake kutoka kokote. Anasema: wangu.

Wade ameinuka.

Sisikii nyundo; sijui kama anaupigia msumari au anamnyang'anya. Sisikii hata hita. Mlango haujafungwa kwa sababu amesimama palepale.

Nimemtoa Emmett titini, analia. Natafuta kifungo cha koti. Ardis anasema nipe mtoto. Hapana — kabadili, anasema kaa, wewe una mtoto. Ameweka bakuli sakafuni. Amefungua mlango wa upande wake. Kavaa viatu vya kanisani, visivyo na meno chini. Ameshika kioo, sasa amekiachia. Anakwenda, miguu haiinuliwi, inaburuzwa, mikono imetanuliwa, moja kwa moja kuelekea mlango ule, na hajageuka nyuma hata mara moja.